Msishikane Mnyororo: Siku ya Kwanza ya Familia Kwenye Barafu

Swali la msomaji: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tumeamua kuwapeleka watoto wakateleze kwenye barafu. Mkubwa ana miaka 11, mdogo ana miaka 6. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 63, amesema habaki nyumbani, na marafiki zetu wawili nao wamejiunga. Tuko saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga barafu. Rafiki mmoja anasema dawa ni kushikana mikono sote saba na kuzunguka uwanja pamoja, ili mmoja akiyumba wengine wamshikilie. Ni kweli? Na viatu tuvichagueje, mdogo tumsaidieje, na mama mkwe aingie au akae pembeni? Naogopa mtu asije akavunjika.

Jibu: Dada yangu, nianze na hilo la kushikana, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mtarudi nyumbani mkicheka au mmoja wenu atarudi na bendeji mkononi. Msishikane mnyororo. Najua rafiki yenu amesema kwa nia njema, na kwenye ardhi kavu ushauri wake ungefaa. Nimefundisha wanaoanza kwa miaka mingi, na katika familia nilizoziona zikiingia uwanjani zimeshikana hivyo, sikumbuki hata moja ambayo aliyeyumba alianguka peke yake.

Ukiwa umesimama sakafuni mtu akakuvuta, nyayo zako hung'ang'ania chini na kukuzuia usiende naye. Barafuni hakuna wa kukuzuia. Msuguano wa bapa la chuma kwenye barafu ni karibu sehemu moja ya mia tu ya ule wa soli ya mpira kwenye saruji kavu. Na anayeanguka hamvuti mwenzake kwa kupenda: mkono wake hujifunga wenyewe kabla hajafikiri. Anamvuta jirani upande ambao jirani hakujiandaa nao, jirani anamvuta wa tatu, na kufumba na kufumbua mko chini nyote, mabapa kumi na manne yametapakaa katikati ya vidole vya watu.

Jambo la pili watu hawalifikirii hadi liwakute. Mstari wa watu saba ukikata kona, aliye upande wa ndani huzunguka karibu palepale, lakini aliye ncha ya nje ana duara kubwa la kumaliza kwa muda uleule. Lazima aende mbio. Na ncha ya nje ndipo mtoto huwekwa, kwa kuwa wakubwa wanataka kukaa karibu na ukuta. Nimeona mtoto akichomoka mwishoni mwa mstari kama jiwe la kombeo, na aliyekuwa amemshika hakujua hata kwamba amemwachia. Viwanja vingi vya barafu vimepiga marufuku mnyororo kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo mpango wenu uwe huu: kila mmoja ajifunze kwanza kusimama kwa miguu yake, kuanguka, kuinuka na kusimamisha mwendo. Mambo hayo manne huchukua kama nusu saa. Kushikana mikono kuje baadaye, wawili wawili.

Sasa viatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nusu ya taabu za siku ya kwanza huanzia kwenye benchi la kuvalia. Utasikia watu wakisema, "Mimi vifundo vyangu vya miguu ni dhaifu." Karibu kila anayeniambia hivyo nikimwangalia mguuni nakuta kiatu kikubwa kilichofungwa legelege. Kiatu cha barafu kinapaswa kuukumbatia mguu. Kisigino kikae nyuma kabisa, kisipande unapojaribu kusimama kwa vidole, na vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja. Kwa hiyo usiombe namba kubwa "ili nisibanwe". Anza na namba yako ya kawaida. Mguu ukicheza ndani, omba ndogo zaidi. Soksi iwe moja, ndefu, nyembamba. Soksi mbili nene hazileti joto. Huukaba mguu, damu haipiti vizuri, na vidole hufa ganzi upesi zaidi.

Kufunga kamba kuna utaratibu wake. Legeza kamba zote hadi chini kabla ya kuingiza mguu, kisha piga kisigino sakafuni mara mbili ili kirudi nyuma. Sehemu ya vidole ifungwe ya wastani tu. Unapofika pale mguu unapokunjika, mbele ya kifundo, kaza kwa nguvu zako zote, maana hapo ndipo kiatu kinapokushika. Juu, kwenye muundi, legeza tena kidogo ili goti liweze kwenda mbele. Ukimaliza, simama ukunje magoti: kifundo kikilala ndani au nje, fungua uanze upya. Msione aibu kufungua mara tatu. Watoto wote wawili wafungiwe na mtu mzima, na baada ya dakika kumi barafuni muwatoe mkaze tena, kwa sababu ngozi ya kiatu hulegea ikipata joto.

Mkipewa nafasi ya kuchagua, chukueni viatu vya kuchezea kwa madaha, vyenye bapa refu lenye meno mbele, badala ya vile vya mpira wa magongo. Bapa lake ni pana kidogo, milimita 4 hivi dhidi ya 3, na limepinda kidogo tu, hivyo halikurushi mbele na nyuma kama bembea. Ila hayo meno ya mbele yana hila. Hayakuwekwa kwa ajili ya kusimamishia mwendo. Yapo kwa wanaoruka na kuzunguka. Anayeanza akijaribu kujisukuma kwa vidole kama anavyotembea barabarani, meno hunasa na yeye huenda kifudifudi.

Na hapo tunafika kwenye siri ya mchezo wenyewe. Geuza kiatu uangalie bapa kwa chini: utaona limechongwa mfereji mwembamba katikati, kuanzia kisigino hadi vidoleni. Mfereji huo unaacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Barafuni husukumi kwa vidole. Unasukuma kwa makali ya ndani, kwa kuupeleka mguu pembeni na nyuma kidogo, kama mtu anayesogeza sanduku kwa ubavu wa kiatu. Watu wa kaskazini mwa Ulaya hapo kale walifunga mifupa ya wanyama miguuni, na kwa kuwa mfupa hauna makali, walilazimika kujisukuma kwa fimbo. William FitzStephen, aliyeandika habari za London mwishoni mwa karne ya 12, aliwaona vijana wakifanya hivyo kwenye kinamasi kilichoganda, na akataja pia jinsi walivyovunjika mikono na miguu. Chuma chenye makali kilipoanza kutumika huko Uholanzi karne zilizofuata, fimbo ikaachwa, kwa sababu mguu wenyewe sasa uliweza kusukuma. Ukilielewa hilo ukiwa bado kwenye benchi, umeshawatangulia wengi walioko ndani wakipiga hatua za kutembea.

Mavazi nayapitia haraka. Nguo za tabaka mbili au tatu zinazokuruhusu kuchuchumaa, suruali isiyoburura, glavu kwa kila mtu bila kubagua, hata kama hasikii baridi, maana glavu ndiyo inayolinda vidole visikwaruzwe na visikatwe. Skafu na mitandio mirefu iingizwe ndani ya koti. Mifukoni msiweke funguo wala simu. Ukiangukia simu, zitavunjika mbili, simu na nyonga. Watoto na mama mkwe wavae helmeti, na nyinyi wengine pia mkiweza. Ya baiskeli yafaa kuliko kukosa kabisa, lakini yule anayeanza huanguka nyuma mara nyingi, kwa hiyo ile inayofunika kisogo vizuri ndiyo bora. Ikae chini juu ya paji la uso, na mkanda ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja.

Kabla hamjaingia, fanyeni zoezi moja mkiwa bado kwenye zulia la mpira, viatu vikiwa miguuni. Angukeni. Nasema kweli. Kunja magoti kana kwamba unaketi kwenye kigoda, shuka hadi karibu na chini, kisha jilaze upande mmoja uangukie nyama ya tako na paja. Mikono ikunjwe ngumi, iletwe kifuani. Kidevu kielekee kifuani ili kisogo kisifike chini. Kinachovunja watu barafuni ni kutanguliza kiganja: uzito wote wa mwili unashuka juu ya kifundo cha mkono kilichonyooka, na mfupa wa hapo si mnene. Kinachofuata kwa maumivu ni kuanguka ukiwa umesimama wima kama mlingoti ukakalia kifandugu. Magoti yaliyokunjwa huondoa hatari zote mbili, kwa kuwa safari ya kwenda chini inakuwa fupi na unaichagua wewe upande wake.

Kuinuka nako kuna njia. Geuka upige magoti na mikono, kama mtoto anayetambaa. Leta mguu mmoja mbele, bapa likanyage barafu katikati ya mikono yako. Weka viganja vyote viwili juu ya goti hilo, usukume, usimame. Usijaribu kuinuka kwa kuvuta suruali ya mwenzako, na mwenzako asikunyanyue kwa kukushika mkono, maana hana pa kukanyagia. Akitaka kukusaidia asimame mbele yako akukinge na wanaopita. Wafundisheni watoto wote wawili wainuke hivi mara tano, wafanye mchezo, wahesabu kwa sauti. Mtoto anayejua kuinuka mwenyewe haogopi kuanguka, na asiyeogopa hakazi mwili.

Tuna methali yetu, kuteleza si kuanguka, na kwenye barafu naichukua kama ilivyo. Utelezi ndio mlioufuata. Wengi tulifundishwa kwamba uzito wa mtu kwenye chuma chembamba huyeyusha barafu, lakini ukipiga hesabu, mgandamizo wa mtu mmoja hautoshi kuyeyusha barafu ya uwanjani, ambayo kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi 3 hadi 6 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwanasayansi Michael Faraday alishatoa wazo mwaka 1850 kwamba uso wa barafu una utando wa maji hata kabla haujaguswa, na mwaka 1939 watafiti Bowden na Hughes walionyesha kwamba joto la msuguano nalo linachangia. Kwako wewe, maana yake ni hii: barafu inateleza hata ukiwa umesimama tuli. Kukaza mwili na kusimama wima ukisubiri itulie hakutakuokoa. Magoti yaliyokunjwa na uzito uliosogea mbele kidogo, juu ya katikati ya wayo, ndivyo vinavyokuokoa.

Mkiingia, ingieni mmoja mmoja, kila mtu akiwa na mkono mmoja kwenye ukuta, na msisimame mlangoni. Angalieni wengine wanazunguka upande gani. Katika viwanja vingi ni kinyume cha saa, na wanaoanza hukaa pembeni huku wenye kasi wakipita ndani zaidi. Ukuta uwe rafiki wa dakika tano za mwanzo. Anayeukumbatia ukuta kwa mikono miwili huegemea upande, uzito unarudi kwenye visigino, na miguu inatoroka mbele. Kwa hiyo uguseni kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayepapasa njia gizani.

Mikono mbele, chini ya usawa wa kifua, kana kwamba umebeba sinia. Macho yaangalie mbele, si vidole vya miguu, maana kichwa ni kizito na kikiinama mwili hukifuata. Visigino vikaribiane, vidole vitazame nje, umbo la miguu ya bata. Sasa nyanyua mguu mmoja kidogo, uteremshe. Nyanyua mwingine, uteremshe. Hatua fupi, magoti yamekunjwa. Utashangaa kwamba unakwenda mbele bila kujisukuma, kwa sababu kila hatua inakanyagia makali ya ndani bila wewe kujua. Baada ya hatua tatu nne, weka miguu yote miwili sambamba, tulia, uache barafu ikubebe mita moja au mbili. Hapo ndipo wengi hupiga kelele ya furaha. Rudia. Mwendo wa polepole wenye kuteleza ni imara kuliko kusimama, kama baiskeli inavyosimama imara ikitembea.

Kabla hamjaongeza kasi, jifunzeni kusimamisha mwendo, na hili naliwekea mkazo kwa mume wako na kwa yule rafiki mwenye mawazo mengi, kwa kuwa uzoefu wangu ni kwamba wanaume wazima hupata kasi upesi kisha hutumia ukuta kama breki. Shikeni ukuta, halafu kwa mguu mmoja tu kwangueni barafu kuelekea nje kwa ubavu wa bapa, kama unayefuta kitu sakafuni kwa soli, hadi uone unga mweupe umejikusanya. Sikiliza sauti yake, ile ya kukwaruza. Ukiisikia, makali yanafanya kazi. Kisha, ukiwa unateleza taratibu, kunja magoti zaidi, sukuma visigino nje huku vidole vikielekeana kidogo, ukwangue kwa miguu yote miwili au mmoja. Ukipeleka vidole ndani bila kukunja magoti, miguu itagongana mbele. Ukikunja magoti, utasimama.

Mdogo wenu wa miaka 6 ndiye ninayemhofia kidogo kuliko wote. Yuko karibu na barafu, uzito wake ni mdogo, na mwili wake haujajifunza kuona haya. Mwacheni atambae kwanza. Akae chini, aiguse barafu kwa glavu, aone kwamba ni sakafu baridi tu. Kisha ainuke kwa ile njia ya goti. Makosa ya wazazi ni matatu, na yote yanatoka kwenye upendo. La kwanza ni kumshika makwapani na kumwinua: miguu yake inaning'inia, haibebi uzito, hajifunzi chochote, na mgongo wako unainama mahali ambapo wewe mwenyewe huna usawa. La pili ni kumvuta kwa mikono yote miwili ukirudi nyuma. Na wewe ni siku yako ya kwanza. La tatu, na hili nakuomba sana usilifanye hata akilia, ni kumbeba barafuni. Ukianguka na mtoto kifuani huna mkono wa kukunja wala kichwa cha kulinda, na utamwangukia. Akichoka, ateleze kwa makalio hadi mlangoni, au umwombe mhudumu wa uwanja.

Viwanja vingi vina vifaa vya kusukuma, vingine vina umbo la mnyama, ambavyo mtoto hushika akatembea navyo. Ni vizuri kwa dakika kumi au kumi na tano za mwanzo. Angalia tu asivilalie. Akivilalia anajifunza kuning'inia. Kisha mpe mchezo: dondosha glavu barafuni, aichuchumalie na kuiokota, tena na tena. Mchezo huo unamfundisha kukunja magoti bila neno hata moja la mafundisho, na nimeutumia kwa watoto wengi kiasi kwamba sijui ningefanyaje bila huo. Yule wa miaka 11 atataka kasi ndani ya dakika ishirini. Sharti lake liwe moja: asivuke mstari wa katikati hadi akuonyeshe mara tatu mfululizo kwamba anaweza kusimama pale unapomwambia.

Mkiweza kumlipa mwalimu kwa nusu saa ya mwanzo, mlipeni. Nasema hivi si kwa kuwa ni kazi yangu, bali kwa sababu macho ya mtu aliyesimama imara yanaona kiatu kilicholegea na goti lililonyooka kabla hamjaanguka. Asipopatikana, gawanyikeni: wewe na mdogo, mume wako na mkubwa, marafiki wawili pamoja. Kila kundi litafute kipande chake cha ukuta, msikusanyike mahali pamoja kupiga picha. Picha pigieni mlangoni, au mpeni aliye nje ya ukuta apige.

Itafika wakati mtaambiwa mtoke, mashine kubwa iingie. Hiyo ni mashine ya kutengeneza uso wa barafu. Ya kwanza ilikamilishwa na Frank Zamboni huko California mwaka 1949, na hadi leo watu wengi huiita kwa jina lake. Inakwangua juu, inaosha, kisha inamwaga safu nyembamba ya maji ya moto. Maji ya moto hulainisha kingo za mikwaruzo na kushikamana vizuri na barafu ya chini. Kaeni nje hadi ilowane na kuganda kabisa na milango ifungwe. Barafu mpya inang'aa na inateleza zaidi kuliko mliyoiacha, kwa hiyo mzunguko wa kwanza baada ya hapo muwe wapole. Ila mkiweza kuchagua saa, chagueni saa yenye watu wachache, barafu ikiwa imetoka kutengenezwa: mifereji iliyochimbwa na waliotangulia hunasa bapa la anayeanza.

Muda? Dakika 40 barafuni, robo saa ya kupumzika viatu vikiwa vimelegezwa, kisha dakika 20 za mwisho. Kati ya dakika ya 15 na ya 20 nyayo zitaanza kuuma chini, karibu na upinde. Ni kwa sababu mtu anayeogopa hukunja vidole ndani ya kiatu kana kwamba anashika tawi. Vinyoosheni. Maumivu ya kifundo yanayoongezeka, au ganzi, ni kiatu. Tokeni mkifunge upya. Na mguu ukianza kutetemeka, siku imekwisha kwa mtu huyo, hata kama tiketi bado ina saa nzima. Miguu iliyochoka hunyoosha magoti yenyewe, na magoti yakinyooka tumerudi kule kwenye kuanguka kama mlingoti.

Mtu akigonga kichwa, atoke barafuni hapohapo, asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, mpelekeni hospitali bila kungoja. Kifundo cha mkono kikivimba au kikipinda, kitulizeni kwa ubao au gazeti lililokunjwa, msikinyooshe, mwende apigwe picha.

Na mama mkwe. Umeniuliza aingie au akae pembeni, na naona kwenye swali lako heshima na hofu kwa pamoja. Miaka 63 peke yake haimzuii mtu. Nimewafundisha waliomzidi umri wakajifunza vizuri kuliko wajukuu wao, kwa kuwa wanasikiliza. Lakini mkae naye kabla ya siku yenyewe, kwa utulivu, mumuulize mambo matatu. Je, daktari amewahi kumwambia mifupa yake imepungua uzito, au amewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu? Je, anatumia dawa za kufanya damu isigande? Je, anaweza kusimama kwa mguu mmoja, karibu na meza ya kushika, kwa sekunde kumi? Jibu la kwanza au la pili likiwa ndiyo, asivae viatu vya barafu kabla ya kuzungumza na daktari wake. La tatu likiwa hapana, afanye mazoezi ya kusimama hivyo nyumbani kila siku kwa wiki kadhaa, na safari yenu isogezwe mbele ikiwezekana. Hayo nayasema pia kwa mjamzito yeyote katika kundi lenu: huu si wakati wake wa kuanza.

Akiwa hana tatizo, aingie, ila asiingie wa kwanza. Aje baada ya nusu saa, nyinyi mkiwa mmeshajua kusimama. Aanze na kifaa cha kusukuma cha watu wazima kama kipo, avae helmeti na vikinga magoti, na apewe kipande kirefu cha ukuta kisicho na msongamano. Mume wako ateleze kando yake, upande wa watu wanaopita, bila kumshika: kazi yake ni kuwa kizuizi kati yake na wenye kasi. Mara mbili kwenda na kurudi zinatosha.

Basi zile dakika 20 za mwisho ndizo za kushikana mikono. Wawili wawili, bega kwa bega, kiganja cha mmoja kikilala juu ya kiganja cha mwenzake, bila kufungamanisha vidole, ili kila mmoja aweze kuachia papo hapo. Kubalianeni kabla: anayeanguka anasema "achia", na mwenzake anaachia. Mtoto wako mdogo atakuwa ameshadondosha na kuokota glavu mara hamsini. Mpe mkono wako, kunja magoti hadi usawa wenu ukaribiane, mwache yeye aanze hatua ya kwanza, nawe umfuate.